Kaburi la Mfalme Oderiki

Toronto, Kanada
Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi

Wifi yangu Masoomah,

Assalamu alaykum. Sikuulizi hali, maana wewe ukiulizwa hali husema njema hata ukiwa umelazwa. Nakuuliza magoti. Bado unazipanda zile ngazi za msikitini, au umekubali kukaa kitini kama watu wazima wenzako? Na dawa za presha, unazimeza au unazipanga dirishani zikutazame? Nijibu kwa ukweli. Mimi nakujua tangu siku niliyoletwa kwenu bibi harusi, nawe ukanificha viatu. Wasalimie watoto, wajukuu na majirani wote wa Chumbageni, hata yule mwenye jogoo asiyejua saa.

Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Theluji imekwisha, umebaki upepo, na upepo wa huku haupulizi, unapekua, unaingia mpaka mfukoni mwa koti kuona umeweka nini. Naheed mkamwana wangu bado ana zamu zake hospitalini, akirudi miguu imevimba namkanda kwa mafuta ya nazi. Salman yuko na kompyuta zake. Almina binti yao sasa ameshanipita urefu. Namsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, na jibu linarudi kwa Kiingereza, tunakwenda hivyo hivyo kama watu wawili waliosimama kwenye kingo mbili za mto.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zile zile za ngumbaro, basi usicheke mistari ikipanda mlima. Wewe ulikwenda shule mpaka walimu wakakuchoka, mimi baba alisema dukani kuna kazi. Sikutaka kukutumia sauti kwa simu, maana sauti yangu ikifika Tanga husikilizwa na nyumba nzima pamoja na anayeleta maziwa, na mwisho wa habari hii ni wa masikio yako peke yako. Mgeni wa jamati yetu ya msikitini anayekuletea anakuja harusini huko, hajui kilichomo ndani. Soma ukiwa umefunga mlango.

Habari yenyewe ni ile picha. Tangu marhum kaka yako Muntazir atutoke, kila ukipiga simu swali lako moja: Sugra, picha ya kaburi iko wapi? Unataka kuona amelazwa wapi, pana mti au hapana, pana kivuli au jua linampiga. Nami kila mara nakujibu, wifi, itakuja. Nadhani umekwisha kuniona mzembe. Au umeona kuwa mjane wa kaka yako ameshiba Kanada, amesahau. Sikulaumu. Lakini leo nakwambia wazi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona hilo kaburi. Hata siku moja.

Unakumbuka alivyokufa. Ilikuwa siku ya ile dhoruba ya theluji, magari yamezikwa barabarani, hospitali yenyewe ilikuwa inatuhimiza tumwondoe. Makaburi yetu yako mbali, nje ya mji kabisa. Walioweza kufika mazikoni walikuwa wachache, Salman na watu wa kamati ya mazishi, basi. Sisi wanawake tulibaki ukumbini msikitini, kama desturi, tunasoma. Baadaye nikakaa eda. Eda ilipokwisha, nikamwambia Salman, baba, nipeleke kwa baba yako. Akasema, Ma, ardhi bado ina tope, gari litakwama. Tope likakauka, akasema kazini kuna mradi. Mradi ukaisha, majani yakaanza kudondoka, akasema barabara ile inatengenezwa. Kisha theluji ikaja tena, na theluji haina haja ya mtu kuisemea uongo.

Wanawake wa msikitini waliniambia mara nyingi, Sugrabai, panda nasi kwenye basi la Alhamisi. Nilikataa. Nilitaka mwanangu anishike mkono anionyeshe mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyemlaza. Yeye ndiye aliyeteremka kaburini katika baridi ile, akamshika baba yake mabega, akamtikisa, akamsomea talkini, akamtajia Mola wake na Mtume wake na Maimamu wake mmoja mmoja ili malaika wakija asibabaike. Hilo lilinitosha kula wali na kulala. Nililihadithia Vaughan nzima, mtaa wetu wa huku, nikakuhadithia wewe, nawe ukalihadithia Tanga.

Sasa sikia vituko. Juma lililopita Salman akaingia jikoni akasema, Ma, Jumamosi jiandae, tunakutoa, wote wanne. Nikamuuliza wapi. Akasema utaona, ni pa kushangaza, na Almina nyuma yake anatabasamu. Wifi, moyo wangu ulifanya kama umemwagiwa maji ya moto. Nikajua ndiyo leo. Nikafua ile abaya nyeusi nzuri. Nikatia mkobani chupa ya maji ya marashi, vijiti vya ubani, na majani ya waridi niliyoyakausha tangu mwaka jana kwa ajili ya siku hiyo. Nikaanga na bajia, maana safari ni ndefu na kaka yako hakupenda watu waje kwake na njaa. Usiku ule nilimwambia kwenye sijda kwamba nakuja.

Asubuhi tukapanda gari. Mimi najua njia ya makaburini kwa kuambiwa tu, unaupa mji mgongo unakwenda kaskazini mpaka mashamba. Huyu Salman akaelekea mjini. Majumba yakazidi kurefuka. Nikamwambia, baba, umekosea njia. Akacheka, akasema hakukosea. Tukafika chini kabisa karibu na ziwa, kwenye mabanda makubwa kama maghala ya mkonge ya zamani pale bandarini kwetu, na foleni ya watu imezunguka banda kama nyoka. Wengine wamevaa mabawa. Nakwambia mabawa, wifi, watu wazima wenye ndevu.

Ndipo Almina akanieleza, kwa furaha, huku ananishika shavu. Kuna tamthilia wanaitazama dunia nzima, ya nchi moja ya uongo yenye mfalme na watu wanaoruka. Imepigwa picha humo humo ndani ya mabanda. Imekwisha, basi wenyewe wamefungua milango watu waingie wakaone ule mji na kujipiga picha. Tiketi zimegombaniwa. Baba yake amezingoja miezi. Na wamenileta mimi ili nifurahi, nitoke ndani, kwa kuwa nimekaa sana na huzuni.

Nilitaka kurudi garini nikafunge mlango. Lakini mtoto amenishika shavu, utamfanyaje? Nikajiambia, Sugra, umepikwa, kaa chunguni.

Mlangoni wakapekua mkoba. Bajia zangu wakazizuia, chakula hakiingii. Nikamwambia yule dada mlinzi kwa Kiswahili kwamba ukizila utazikumbuka mpaka siku ya kufa kwako. Naheed akaona aibu, akamtafsiria maneno mengine kabisa, najua, maana tafsiri ilikuwa fupi. Chupa ya marashi waliinusa wakaniachia.

Humo ndani, wifi, ni mji. Siwezi kusema uongo, ukiutazama kutoka mbali unasimama ukashika kifua. Kasri, daraja, soko, minara. Ukisogea, kila kitu kina mgongo wa mbao mbichi na misumari. Niliingia kwenye jiko la kasri, nikaona mikate mikubwa mezani, nikaugusa mmoja, mwepesi kama kifuu. Hakuna dohani wala bomba la maji. Nikamuuliza Naheed huyu malkia alipika wapi. Akasema, Ma, malkia hapiki. Nikamwambia hata asipopika, moshi wa wanaompikia unatokea wapi? Kijana mmoja mwenye fulana ya kazi akaja kuniambia nisiguse. Nikatoa mkono. Nikaenda mti wa uchawi, majani ni ya nailoni, nikaugusa, akaja mwingine. Kutwa nzima usiguse, usikae, usipite kamba, simama hapa kwenye alama, tabasamu, ondoka, wenzio wanangoja.

Na picha. Loo, picha. Salman amenunua kamera mpya yenye pua ndefu kwa safari hii. Almina kwenye daraja, Almina dirishani, Almina na baba, Almina na mama, Almina na dude lenye manyoya. Kisha wakanitia mimi kwenye kiti cha enzi, wakanifunika joho la manyoya, wakanipa upanga nishike. Mimi, mjane wa Muntazir Rahemtulla, nimekaa na upanga wa plastiki mapajani, nyuma yangu watu wenye mabawa wanangoja zamu. Salman akasema, Ma, cheka. Nikamtazama mwanangu kwenye ile pua ya kamera. Nikawaza, kumbe unajua kupiga picha. Kumbe unaweza kuchukua likizo, kuendesha gari saa nzima, kusimama kwenye foleni na miguu isikuume. Mama yako anaomba picha moja ya majani na udongo, shangazi yako anaiomba, na huna nafasi. Kwenye hiyo picha nimekunja uso kama aliyemeza shubiri, Almina anasema nimetoka vizuri sana, nafanana na malkia kamili.

Sasa, kabla sijakupeleka chumba cha mwisho, lazima nikukumbushe jambo. Wakati wa baridi Almina alitoka chumbani kwake siku moja macho yamevimba, akaniambia Oderiki amekufa. Hakula. Nikamuuliza Oderiki ni nani, akasema ni wa kwenye tamthilia, mfalme. Mimi nikaelewa kwamba yule mchezaji, yule mwanamume, ndiye aliyefariki. Nani angeelewa vingine? Mtoto analia kama aliyefiwa na mjomba. Nikampikia wali wa choroko na mtindi kama tupikavyo kwenye msiba, nikakaa naye, nikamwambia kila nafsi itaonja mauti.

Basi hicho chumba cha mwisho. Giza kidogo, baridi inapulizwa kwa mashine, kilima kidogo cha majani, na juu yake kaburi. Jiwe kubwa la kijivu lenye maandishi. Na kulizunguka, wifi, maua. Maua ya kweli, niliyanusa. Barua, vikaragosi, mishumaa ya betri. Mwanamke mwenye nywele za buluu amesimama analia, kamasi zinamtoka na hafuti. Mwanamume mmoja amevua kofia. Hakuna aliyekuwa anacheka mle. Nikasema moyoni, haya, wazungu nao kumbe wana adabu, wamemzika mtu wao palepale alipokuwa akifanya kazi.

Wewe unajua tulivyolelewa. Hupiti kaburini mdomo umefunga. Nikamvuta Almina, nikamuuliza huyu Oderiki ni mwana wa nani, maana Fatiha bila jina la baba ni kama mzigo usio na anwani. Akanitajia, mwana wa Halbereni au jina kama hilo, hakuuliza sababu. Nikapita chini ya ile kamba, nikachuchumaa kwa shida yangu, nikaweka mkono juu ya kaburi, nikamsomea. Nikasoma kwa moyo wote, nisikufiche. Sikujali ni dini gani. Nilikuwa nimebeba Fatiha ya kaburini kwa zaidi ya mwaka sina pa kuitua, na hapa pana kaburi. Nikamnyunyizia na maji ya marashi.

Rangi ikachuruzika.

Jiwe zima, wifi, lilianza kulia kijivu. Rangi ikashuka kwenye maua, na pale palipooshwa pakatokea cheupe, kile kitu chepesi wanachofungia friji mpya. Nikabonyeza, kidole kikaingia. Nikashtuka nikaangukia makalio. Vijana wenye fulana wakaja mbio. Watu wakatoa simu, wananipiga picha, na mwenye nywele za buluu sasa analia na kucheka pamoja. Almina ananivuta mkono, uso mwekundu, anasema Dadi, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, hakuna mtu humo, hakuna mtu. Nikamuuliza huyo marehemu amezikwa wapi. Akasema hajafa, mchezaji wake ni mzima, anaishi na mbwa wake, kafa kwenye hadithi tu.

Nikakaa palepale chini. Nikawauliza, basi Fatiha yangu mimi imekwenda kwa nani?

Naheed akainama kunifuta rangi mikononi. Alikuwa anazuia kicheko mpaka mabega yanatetemeka, na mimi nikaanza kupandwa na hasira. Kwa mfalme asiyepata kuzaliwa watu wanamwaga maua na machozi. Kwa mwanamume aliyelea watoto, aliyefungua duka alfajiri katika nchi mbili, hakuna aliye na Alhamisi moja. Nikamtafuta Salman. Alikuwa amesimama nje ya kamba na kamera yake. Nikamwambia kwa sauti, sikujali nani anasikia:

“Salman, hii Fatiha haina mwenyewe. Mpelekee baba yako. Wewe ndiye unayepajua kwake.”

Nilimwona akishusha kamera. Rangi ilimtoka kama lile jiwe. Akageuka, akapita katikati ya watu wenye mabawa, akatoka.

Tulimkuta garini. Amekaa kwenye usukani, injini inawaka, joto limefunguliwa mpaka mwisho, na jua lilikuwa linawaka nje. Nikaingia mbele, Naheed na Almina nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, maneno nimeyapanga toka lile jiko la mikate ya uongo. Sikuwahi. Akiwa anatazama mbele kwenye kioo, akasema:

“Ma, mimi sikuteremka.”

Sikuelewa. Nikamwambia hukuteremka wapi. Akasema kaburini. Siku ile.

Akaeleza yote, Masoomah, na ndiyo sababu nimekwambia ufunge mlango. Anasema alifika na jeneza. Kwamba ardhi ilikuwa imeganda mpaka ilibidi mashine iichimbe, na mashine ilikuwa imesimama kando inatoa moshi, na shimo lilikuwa na pande zilizonyooka kama kabati. Alipoambiwa avue viatu ateremke, miguu ikakataa. Akasema ngoja nichukue glavu garini. Akaingia garini, akafunga mlango, akawasha joto, na hakutoka tena. Alitazama kupitia kioo, ile fimbo ya kufutia theluji inakwenda na kurudi, akimwona baba yake akishushwa na watu wengine. Walipomaliza, mmoja akaja akagonga dirisha, akamwambia Mungu akupe subira, na hakuna aliyesema kitu, siku ile wala baada yake. Walimsitiri. Mungu awasitiri na wao.

Kisha akarudi msikitini ukumbini, na mimi nikamuuliza, ulimsomea? Akasema ndiyo. Kutoka hapo uongo ukamwotea mizizi. Anasema kila unapompigia kutoka Tanga na kumwambia wewe ndiwe mwanamume wa ukoo wetu, ulimteremsha kaka yangu kwa mikono yako, akikata simu huenda kutapika. Na makaburini hakunipeleka kwa sababu ningemwambia nionyeshe, naye hajui ni lipi. Hajawahi kurudi.

Nilimuuliza jambo moja tu kwanza. Nani alimtikisa? Akasema mtu mmoja wa kamati, dereva wa malori, jina halijui, alisoma kwa sauti kubwa mpaka yeye akasikia kutoka ndani ya gari. Basi hapo nikapumua. Hakulala bila kuambiwa. Kama angekuwa amelala kimya, sijui ningefanya nini na mwanangu.

Kisha hasira zikaja zote. Nikamwambia:

“Kuogopa si dhambi. Baba yako aliogopa panya mpaka anaingia kaburini. Lakini umenifungia ndani mwaka mzima kwa ajili ya woga wako, ukanitoa leo kunionyesha kaburi la sponji.”

Naye analia kama mtoto, mwanamume wa mvi. Naheed akasema kutoka nyuma, polepole lakini alisema, kwamba Ma, ulimuuliza mbele ya ukumbi mzima, angejibu nini? Nikamwambia mkamwana anyamaze. Kisha nikanyamaza mimi, maana alilosema ni kweli na sikulipenda. Almina ndiye aliyenishangaza. Huyu asiyenijibu Kiswahili hata akitaka chumvi, akaniwekea mkono begani, akasema, “Dadi, mwache kwanza.” Tukarudi nyumbani hivyo. Nilipofika nikatupa zile bajia, waliturudishia mlangoni zimelowa mafuta. Sikuongea naye siku hiyo wala iliyofuata. Nilimwekea chakula, nikageuka. Alikula amesimama.

Jana, Alhamisi, asubuhi nimekaa na tasbihi, akaja amevaa koti. Hakusema jiandae wala hakusema utaona. Akaniletea viatu vyangu, akaviweka miguuni kwangu. Tukaenda wanne, Almina hakwenda shule, na mama yake hakumkemea.

Ni mbali kweli, hilo hakudanganya. Pana mashamba, na uzio, na upepo huo ninaokwambia. Makaburi ya huku hayana majumba wala hayakuinuliwa, ni vibao bapa vimelazwa majanini, ukitazama kutoka mlangoni unadhani uwanja mtupu. Salman akasimama katikati hajui aende wapi. Ilibidi ampigie simu mtu wa kamati, na hapo akasema neno kwa neno kwamba naomba unielekeze kwa baba yangu, mimi sijui alipo. Yule mtu akamwelekeza, kata kushoto, pita mti mdogo. Ndiyo, wifi, pana mti. Ni mdogo, huwezi kuusema una kivuli, lakini umeshika majani. Jua la mchana litampata, la jioni hapana.

Jina lake limeandikwa vizuri. Nilikaa chini nikamwambia yangu, hayo siyaandiki. Nilipoinuka nikawaambia Naheed na Almina tusogee. Salman akapiga magoti, akaweka mikono miwili juu ya majani, pale alipokisia pana mabega ya baba yake, akaanza kusoma talkini. Alikuwa ameihifadhi, sijui lini. Alipofika pa kutaja jina, sikia, elewa, ewe Muntazir mwana wa Rahemtulla, jina la baba yenu likamkwama, akarudi mwanzo. Akakwama tena, akarudi tena. Na pale pa kutikisa akatikisa udongo, majani yakang’oka mikononi mwake.

Sijui kama maiti husikia tena jambo aliloambiwa zamani na mtu mwingine. Sikumuuliza maulana na sitamuuliza, maana anaweza kunijibu.

Usidhani nimepoa. Bado nimekasirika, na leo asubuhi nimemkaripia kwa kuacha taa ya choo, si kwa ajili ya taa. Mwaka mzima si kitu kidogo kwa mtu wa umri wangu. Lakini nimemwambia kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi ananipeleka, na mradi wake aukalie.

Picha yako nimeifunga humu. Almina aliipiga kwa simu bila kumwambia mtu, akaichapisha dukani. Ukiitazama utaona mgongo wa Salman na nyayo za viatu vyake. Kaburi liko mbele yake, kalifunika. Angeweza kupiga nyingine siku nyingine, ya kibao peke yake, lakini mimi nimechagua hii. Ukiikataa niambie.

Neno moja la mwisho, na hili nakuomba kama dada, si kama wifi. Iddi itakapofika Salman atakupigia, kama kawaida yake. Usimsifu tena kwa habari ya siku ile. Usimwambie pia kwamba unajua, wala usimpe pole. Muulize amekula nini. Akisema biriani, mwambie ya mama yako haina chumvi. Atacheka, nawe mwache acheke.

Hapa nakomea, mkono umechoka kuliko ulimi. Naheed anakuamkia, Almina anakuamkia, na yule wa tatu pia anakuamkia ingawa hajui nakuandikia. Mungu akuhifadhi pamoja na magoti yako, atukutanishe kabla ya kutukutanisha kwa wale waliotangulia.

Ni mimi wifi yako niliyekuchosha,

Sugra wa Muntazir